Cheti cha Ruhusa Si Mwisho wa Matibabu

Ni desturi njema katika visiwa vyetu kwamba mgonjwa akipewa ruhusa hospitali, jamaa humshukuru Mungu, majirani huja kumpa pole na pongezi, na jikoni hupikwa uji mwingi kuliko wa siku zote. Lakini yafaa ieleweke kwamba wengi katika hao wanaoruhusiwa hawajapona. Wanatoka kwa sababu daktari amekwisha kufanya yaliyo katika uwezo wa wodi, na yaliyobaki ni kazi ya miezi au ya miaka, ambayo mahali pake ni nyumbani. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, mwenye saratani iliyokwisha kuenea, mwenye maradhi ya akili aliyetulia kwa dawa, mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kukaa peke yake: wote hao hutoka na cheti cha ruhusa mkononi na maradhi mwilini. Kwao wao, ruhusa maana yake ni wodi kuhama. Imetoka Mnazi Mmoja, au imetoka Abdulla Mzee kule Mkoani, ikaenda kukaa katika chumba cha uani Makunduchi au Micheweni, na huko haina daktari, haina kengele, wala haina zamu ya usiku.

Maoni yetu ni kwamba wodi hiyo nayo ni ya Taifa, na yataka kuangaliwa. Mtu aliyefunzwa kuiangalia kwa upande wa maisha ya mgonjwa na ya nyumba yake ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Tumeona tuiandikie kazi yake leo kwa sababu haijulikani vya kutosha kwa pande mbili. Wananchi wengine humdhani mpelelezi aliyetumwa kuhesabu sufuria zao. Na baadhi ya wakubwa, wakati wa kugawa watumishi na vyombo vya usafiri, humkumbuka mwisho, baada ya kila mtu kupata.

Kazi hii haikuanzia kwetu, na historia yake ina funzo. Mwaka 1895, katika hospitali ya Royal Free mjini London, aliajiriwa Bibi Mary Stewart, naye akapewa meza karibu na mahali walipoingilia wagonjwa. Wakubwa wake walimtaka kwanza awachuje wale waliokuja kutibiwa bure ilhali wanaweza kulipa. Punde ikaonekana kwamba kilichojaa pale mezani si ujanja, bali ni dhiki. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1905, Daktari Richard Cabot wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, aliweka watumishi wa ustawi katika hospitali ile, na Bibi Ida Cannon akaja kuiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi. Hoja ya daktari huyo ilikuwa nyepesi kuielewa. Kumwandikia maskini chakula bora na mapumziko, kisha kumrudisha katika nyumba isiyo na chakula wala nafasi ya kupumzika, ni kuandika juu ya maji. Lazima awepo mtu wa hospitali anayeijua nyumba ya mgonjwa kama daktari anavyoujua mwili wake.

Sisi Wazanzibari tuna sababu kubwa zaidi ya kuishika hoja hiyo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilitangaza mwaka 1965 kwamba matibabu yatolewe kwa wananchi bila malipo, ili afya isiwe tena mali ya wenye nafasi. Mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, yaliafikiana kwamba afya ya msingi lazima iwafikie watu pale wanapoishi na kufanyia kazi zao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Zanzibar watu 1,889,773. Hapana nchi, tajiri wala maskini, iwezayo kuwaweka wagonjwa wake wote wa muda mrefu katika vitanda vya hospitali. Basi nyumba zitabaki kuwa wodi, tukitaka tusitake. Swali ni kama tutaziachia peke yao.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja bali wa wengi. Mvuvi wa Kojani, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haviitiki, na maneno yamemkwama. Amelazwa, presha imeshushwa, hatari ya kwanza imepita, naye ameruhusiwa. Daktari amemwandikia vidonge vya kila siku, mazoezi ya viungo, na kurudi kliniki baada ya mwezi. Karatasi hiyo ni sahihi kabisa. Lakini haisemi nani atamteremsha mgonjwa mashuani na kumpandisha, nani atalipa nauli ya siku ya kliniki, choo kiko umbali gani na kitanda chake, wala nani atakwenda baharini ili nyumba ipate kitoweo.

Hayo ndiyo maswali ya afisa ustawi wa jamii, na wakati wake wa kuyauliza ni kabla mgonjwa hajavalishwa nguo za kuondokea. Huketi na mgonjwa, hata kama mgonjwa hujibu kwa kichwa na macho tu, kwa maana aliyepotewa na maneno hakupotewa na akili. Huketi pia na mke, na watoto, na yule ndugu ambaye neno lake ndilo linalosikilizwa katika ukoo. Huuliza nyumba ina vyumba vingapi, maji yanatoka wapi, kitanda ni cha namna gani, na kipato kilikuwa cha nani. Kisha hurudi kwa daktari na muuguzi, akawaeleza aliyoyakuta, ili maagizo yalingane na nyumba. Agizo lisilowezekana nyumbani halifuatwi, na familia hulaumiwa kwa uzembe ilhali kosa ni la aliyeagiza bila kuuliza.

Muuguzi hufunza kazi za mikono. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, maana ngozi ya mgongoni chini, ya nyonga na ya visigino ikibanwa muda mrefu hukosa damu, ikafa, na kidonda chake huweza kufika mfupani. Alishwe akiwa ameketi wima, kwa matonge madogo, kwani koo la mwenye kiharusi mara nyingi halimezi vizuri, na chakula kikipita njia ya pumzi huleta homa ya mapafu. Viungo vinyooshwe kila siku ili visikakamae. Vidonge vya presha visiachwe kwa kuwa mtu anajihisi mzima, maana presha haina maumivu ya kumwonya, na kiharusi cha pili hukuta nyumba imelala.

Maneno hayo yote ni rahisi kusema. Hebu tuhesabu. Kugeuza kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku moja. Kwa wiki ni mara 84. Mikono ya nani? Hapo ndipo kazi ya afisa ustawi inapoanza kwa hakika. Yeye huwakusanya jamaa, akawapangia zamu kwa majina: huyu alfajiri, yule adhuhuri, huyu usiku wa Alkhamisi. Mwana aliye mjini asiyeweza kushika zamu atoe nauli na sabuni. Jirani mwenye nguvu aje asubuhi kumnyanyua mgonjwa aketi. Kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe, mito ya sufi iwekwe baina ya magoti na chini ya ndama ili visigino visiguse kitanda. Zamu isiyotajwa majina humwangukia mtu mmoja, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuoni mahali methali hiyo inaposadiki zaidi kuliko katika nyumba yenye mgonjwa wa kudumu. Wageni huja na kuuliza, “Mgonjwa hajambo?” Wanaomuuliza muuguzaji hali yake ni wachache. Naye halali usingizi wa kutosha, mgongo unamuuma kwa kunyanyua, biashara yake ya maandazi imekufa, shughuli za arusi na maziko hahudhurii, na akinuna husemwa kwamba amechoka na mumewe. Sisi tunasema huyo ni mgonjwa wa pili wa nyumba ile. Afisa ustawi aliyefunzwa vyema humtazama yeye kwanza aingiapo, akamtenga kando, akamsikiliza, wala asimkatize kwa mawaidha. Humwambia wazi kwamba kuchoka si dhambi, na kwamba siku moja ya kupumzika kwa wiki ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa. Kisha humtafuta wa kuishika siku hiyo.

Kuna muuguzaji mwingine ambaye sauti yake haisikiki kabisa, naye ni msichana wa skuli. Bibi akilala kitandani, mama akiwa shambani au sokoni, uamuzi hupitishwa kimya kimya kwamba mjukuu wa kike abaki nyumbani “kwa siku mbili tatu”. Siku hizo huwa muhula, muhula ukawa mwaka, na mwaka ukawa mwisho wa masomo. Nchi iliyofungulia skuli watoto wote baada ya Mapinduzi haiwezi kuliona jambo hili kuwa ni la ndani ya nyumba tu. Mwalimu huona kiti kitupu, lakini hajui sababu. Daktari hujua sababu, lakini hakioni kiti kile. Afisa ustawi ndiye anayeweza kuwaunganisha wawili hao, na kuiambia familia, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba zamu ya bibi igawanywe upya.

Upo pia upande wa haki na mali. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuulizwa kama waliwahi kuajiriwa, na kiwango hicho kimeongezwa baadaye. Hilo ni jambo la heshima. Lakini mzee asiyeinuka hawezi kwenda mwenyewe kuuliza kwa nini jina lake halikusomwa. Afisa ustawi, akishirikiana na sheha, huhakikisha kwamba jina hilo halipotei, na kwamba fedha zinazochukuliwa kwa niaba yake zinageuka maziwa na sabuni yake, si vocha ya simu ya kijana.

Tena lipo jambo zito ambalo wengi hulijua na wachache hulisema. Mzee mwenye shamba la mikarafuu akipooza, karatasi huanza kutembea ndani ya nyumba. Mmoja huja usiku na wino, akakamata dole gumba la mtu asiyeweza kusema hapana. Baadaye, msimu wa karafuu ukifika, ndugu hawasalimiani, na mgonjwa aliye katikati yao hulipa kwa kukosa wa kumwosha. Afisa ustawi si hakimu wala hagawi mirathi ya mtu aliye hai. Kazi yake ni kuweka wazi mbele ya wote kwamba mali ya mgonjwa ni ya mgonjwa, kwamba karatasi ya namna hiyo itapelekwa kwa kadhi au mahakamani, na kwamba kwa sasa ugomvi wa shamba ungoje, kwa sababu saa ya kugeuzwa mzee haingoji.

Wapo watakaouliza: na dini na mila zetu, huyu wa hospitali atazifanyaje? Tunajibu kwamba afisa asiyejua hodi na kuvua viatu hafai kazi hii. Katika nyumba zetu nyingi kiharusi husemwa kuwa ni upepo mbaya au mkono wa jini, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga kabla au baada ya hospitali. Kumkaripia mama mzee kwa jambo hilo ni kumfungia mlango. Mwenye busara humwambia kwamba kombe la aya lililoandikwa na mtu mwaminifu halimkatazi mgonjwa kidonge chake, lakini mtu yeyote anayeamrisha kidonge kitupwe, huyo si wa kufuatwa. Aidha, kila Ramadhani wako wagonjwa wanaoacha dawa za mchana kwa kuchelea funga. Sheria ya dini ni laini kuliko wanavyodhani. Mgonjwa amesamehewa kufunga, na asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na maji yakimdhuru hutayamamu. Afisa ustawi asiitoe fatwa hiyo yeye. Amlete imamu wa msikiti wa pale aiseme mbele ya mgonjwa, na moyo wa mgonjwa utatua.

Halafu yapo maradhi ambayo mwisho wake unajulikana. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa saratani wamevuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine hurudi na habari kwamba mionzi haitasaidia tena. Nyumba nyingi huanza hapo mchezo wa kufichana. Familia inamficha mgonjwa, na mgonjwa, ambaye amekwisha kujua kwa mwili wake, anaificha familia. Wote wanalia, kila mmoja kwenye chumba chake. Kumsaidia mtu kuambiwa ukweli kwa kiasi anachokitaka, kumpa nafasi ya kuusia, kulipa deni, kuombana radhi na nduguye, na kuhakikisha kwamba dawa ya maumivu inafika kabla ya maumivu, ni huduma kubwa kama upasuaji. Na baada ya maziko, matanga yakianuliwa na wageni wakatawanyika, mtu wa hospitali akirudi mara moja kumjulia hali mjane aliyeuguza miaka miwili, atakuta pengine ndiye mgeni wa kwanza wa wiki ile.

Sasa tuzijibu hoja mbili za wapinzani. Ya kwanza husema kuuguza ni kazi ya ukoo, na kwamba kumleta mtumishi wa Serikali ni kuua undugu. La hasha. Ukoo wa leo sio uleule wa zamani. Mtoto mmoja yuko Muscat, wa pili yuko Dar es Salaam, wa tatu anafanya kazi hotelini Nungwi kwa zamu za usiku. Undugu upo, lakini umetawanyika, na unahitaji mtu wa kuupanga. Afisa ustawi hachukui nafasi ya ndugu, bali huwaita ndugu kwenye nafasi zao.

Hoja ya pili ni ya fedha. Wapo wanaosema nchi ndogo haiwezi kumudu watumishi wa mazungumzo wakati dawa zenyewe zahitajika. Tunawaomba wapige hesabu hadi mwisho. Mgonjwa akirudi na kidonda cha mgongo hulala wiki nyingi, hula dawa za thamani, na huchukua kitanda cha mwingine. Mgonjwa aliyeacha vidonge akarudi na kiharusi cha pili hugharimu zaidi kuliko mara ya kwanza. Maneno ya nusu saa na safari moja ya pikipiki huweza kuzuia yote mawili. Watumishi wa kazi hii hufunzwa hapa hapa nchini. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, na waliopita hapo na katika vyuo vingine wameenea Tanzania nzima.

Kwa wakubwa tunasema mambo manne. Kwanza, kila hospitali ya mkoa na ya wilaya, zikiwemo zile mpya zilizofunguliwa Unguja na Pemba katika miaka hii ya 2020, iwe na afisa ustawi wa jamii mwenye kazi hiyo tu, asifanywe karani wa kujaza mapengo. Pili, mgonjwa wa muda mrefu asipewe cheti cha ruhusa mpaka kiwe na mstari unaotaja jina la muuguzaji, jina la msaidizi wake, na siku ya kutembelewa. Tatu, afisa huyo apewe usafiri, pamoja na nauli ya mashua kwa wagonjwa wa Kojani, Tumbatu, Fundo na visiwa vidogo vingine, kwani afisa asiyeweza kufika huishia kuandika ripoti za ofisini. Nne, wahudumu wa afya wa kujitolea walio katika shehia, ambao tayari wanaingia majumbani kwa mambo ya mama na mtoto, wafundishwe dalili chache za nyumba iliyoelemewa, ili wamwite afisa kabla ya mambo kuharibika.

Kwa masheha, na kwa wenzetu wa matawi ya Chama, tunasema kwamba uongozi hauishi katika mikutano na mapokezi. Kiongozi wa shehia anayejua idadi ya kadi za wanachama wake, na hajui ni nyumba ngapi katika shehia yake zina mtu asiyeinuka kitandani, hajaijua shehia yake. Na siri ya nyumba za watu iheshimiwe. Aliyeambiwa maradhi ya mtu kwa ajili ya kusaidia, kisha akayapeleka barazani pamoja na kahawa, anastahili kuvuliwa dhamana.

Nasi wananchi tuache kumfungia mlango afisa ustawi kwa hofu ya aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akibisha hodi, akaribishwe ndani, aonyeshwe kitanda jinsi kilivyo, aambiwe fedha zilipo na zisipokuwepo. Na jioni ya leo, kila mmoja wetu amkumbuke jirani mmoja anayeuguza. Asiende kuuliza habari na kuondoka. Aende na saa mbili mkononi, amwambie yule mama akalale, na yeye akae amshike mgonjwa.